Mwendo wa Baba Kwenye Tyubu ya Dawa ya Meno

4 Februari

Mdogo wangu,

Habari za huko na za kazi. Sisi huku hatujambo, ukiondoa goti la mama, ambalo linapanda na kushuka kama kawaida yake, na bomba la jikoni lililopasuka wiki iliyopita likatulowesha mazulia yote mawili. Fundi alikuja, akatazama, akasema anarudi sasa hivi, na mpaka leo anarudi. Mama anakusalimu sana. Anasema usikae kiyoyozi kikikupiga kifuani, maana anaamini kila ofisi inayotengeneza katuni ina kiyoyozi.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yako inaita mpaka inachoka yenyewe. Najua una shughuli nyingi. Hata mimi ninazo.

Nianze na habari njema. Filamu ya baba imepita mchujo wa kwanza kwenye lile onyesho la filamu fupi. Uamuzi wa mwisho ni mwezi wa sita. Miaka mitatu, bwana mdogo. Miaka mitatu ya kutoka dukani nikiwa na rangi za kadi za harusi za watu kwenye kucha, nakula nimesimama, kisha nakaa mbele ya kompyuta kumsogeza baba mguu kwa mguu mpaka atembee kama baba. Wakiichagua, itakuwa kazi yangu ya kwanza yenye jina langu ambayo si kadi ya harusi ya mtu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Jumanne mama alikuwa sebuleni anatazama taarifa ya habari, mimi niko jikoni napanga ndoo chini ya bomba. Nikasikia ananiita kwa sauti ambayo sijaisikia tangu msiba wa baba. Nikakimbia nikidhani ameanguka. Nikamkuta amesimama, na goti lake hilo, amenyoosha kidole kwenye televisheni. "Baba yako huyo," akasema. Nikatazama. Ilikuwa tyubu ya dawa ya meno iliyovaa kofia, ina miguu na mikono, inatembea ukingoni mwa sinki kuufuata mswaki. Tangazo likaisha. Nikamwambia mama akae, tukangoja mpaka likarudi baada ya hali ya hewa. Mguu wa kulia unachora nusu duara kabla ya kukanyaga. Bega la kushoto limeshuka kana kwamba bado linabeba ule mkoba wa mafaili aliozunguka nao ghorofa kwa ghorofa miaka yote ya utarishi. Shingo imetangulia mbele kidogo.

Tyubu hiyo imetoka studio yenu. Uliniambia mwenyewe mwaka jana kwamba mmepata kazi ya kampuni ya dawa ya meno. Na mwenye nakala ya faili langu la filamu ni wewe, kwa sababu nilikupa mimi ulipokuwa unaondoka, ili kompyuta yangu ikifa kazi isife nayo. Na kompyuta kweli ilikufa, ukanitumia nakala kutoka kwenye hiyo yako.

Sitaki kukufikiria vibaya. Niambie tu umefanya nini. Watu wa onyesho wakiliona tangazo hilo kabla hawajaamua, mwizi nitaonekana mimi.

Dada yako


19 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na ya mama mfikishie kabla hujasoma zaidi. Unisamehe kwa kuchelewa. Huku kazi imetukaba koo, tunaingia asubuhi na kutoka tukiwa hatujui leo ni siku gani. Chumba nilichopanga ni kizuri, ila jirani wa juu anaburuza viti kama anahama kila jioni. Nimemnunulia mama shali, utaiona ndani ya bahasha hii. Ikiwa rangi hataipenda, mwambie ni wewe uliyeichagua.

Nimehamishwa meza. Nakaa dirishani sasa, kwenye kijichumba cha kioo, na wachoraji wengine wananiletea kazi zao nizikague. Bosi ananiita "mkuu wa mwendo". Jina la kijinga, lakini wameliandika mlangoni.

Hongera ya filamu. Nilijua itafika mbali, na nilikwambia.

Kuhusu lile tangazo: dada, umeishi na baba ndani ya kompyuta miaka mitatu, sasa unamwona kila kona. Mimi mwenyewe nilimwona juzi kwenye foleni ya benki, nikamfuata mpaka alipogeuka. Tyubu ni tyubu. Haina goti wala nyonga, ukiitembeza lazima iyumbe upande. Wanaochechemea duniani ni wengi, na programu tunazotumia ni hizi hizi. Mteja alitaka mhusika mwenye utu kidogo, asiyetembea kama roboti, tukampa. Ndiyo hayo tu.

Mama amelipenda? Likija tena amsalimie.

Mdogo wako


27 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Shali imefika na mama haivui, jua liwake lisiwake. Fundi bomba amekuja mara ya pili. Safari hii ameondoka na vipimo.

Tangazo lako nimelirekodi. Nimelitazama fremu kwa fremu, jinsi nilivyokufundisha kutazama siku zile ambapo ulikuwa hujui kutenganisha mkono na kiwiliwili. Mama alikaa pembeni yangu. Akaniuliza mtu anaibiwaje mwendo, maana mkoba anaelewa, kuku anaelewa, mwendo haelewi. Nikamwambia: mama, kila kiungo kina tabaka lake, kama karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kwenye tabaka unaweka alama, hapa mguu uwe huku, pale uwe kule, na kompyuta inajaza katikati. Alama hizo ndizo kazi yenyewe, kuzipata sawasawa kunakula miezi. Lakini akija mtu akazichagua zote, akazinakili, akazibandika kwenye tabaka la kitu kingine, awe mbuzi, kiti au tyubu, kitu hicho kinatembea vilevile, na yeye ametumia muda wa kupiga chafya. Mama akafikiri. "Kwa hiyo kamvua baba yako mwendo, kaivalisha tyubu," akasema. Akacheka. Mimi sikucheka.

Sasa wewe mkuu wa mwendo nieleze kitu kimoja. Ikifika hatua ya sita, tyubu inageuza kichwa nyuma, upande wa kushoto, kisha inaendelea na safari yake. Inamtazama nani? Nyuma yake kuna vigae tu. Mswaki uko mbele.

Unajua inamtazama nani. Baba hakuacha video hata moja. Kuna picha tu, na zote amekaa, kwa sababu alikuwa anaona haya kupigwa picha amesimama. Aliyeweza kutembea kama yeye ulikuwa wewe peke yako. Nikakuvalisha shati lake na viatu vyake, nikaweka kamera mwisho wa korido, ukawa unakuja. Mama akatoka jikoni na birika, akakuona kwa nyuma, akasahau. Akaita, "Mzee, chai." Na wewe ukageuka kwa shingo ya baba, bila kuacha hatua. Tukabaki pale watatu, hakuna anayejua aweke wapi mikono. Mama akarudi jikoni akafunga mlango. Rekodi hiyo ndiyo niliyoifanyia kazi, na mgeuko ule niliuacha makusudi. Alama zake ziko kwenye tabaka la kichwa.

Wewe ulizoa zote bila kuchagua. Ungekuwa na haya hata kidogo ungekiacha kichwa.

Sitaki maelezo ya nyonga. Nataka useme umenakili.

Dada yako


16 Mei

Mdogo wangu,

Kimya chako tumekipata, ahsante. Mama anaendelea, goti limetulia. Kila jioni anavuta kiti mbele ya televisheni, karibu kabisa, na kungoja. Tangazo likianza anaacha kuongea katikati ya neno. Ikifika ile hatua anasema "Mzee", taratibu tu, na tyubu inageuka. Akishalipata hilo anaweza kwenda kulala. Mimi nimeshindwa kuizima televisheni na nimeshindwa kukaa pale. Kuna jioni namchukia mama yangu mzazi kwa dakika nzima, kisha naona aibu, naenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Nililoliogopa limefika. Watu wa onyesho wameniandikia. Wameanza kwa sifa, aya nzima ya sifa, nikajua nyuma yake kuna jambo. Mmoja wao ana watoto wadogo na watoto wanaijua tyubu. Filamu yangu, wanasema, inafanana kupita kiasi na tangazo linalofahamika. Wanataka maelezo yenye saini ya aliyetengeneza mwendo wa tangazo, kwamba mwendo huo ulianza kwangu. Juni ikiisha hawajayapata, jina langu linatoka. Faili langu ninalo, lakini nililihifadhi upya kwenye hii kompyuta mpya, kwa hiyo linasoma tarehe ya juzi. Lenye tarehe ya zamani unalo wewe.

Sikuombi mlitoe tangazo. Mama angeniua. Sikuombi ukapige magoti kwa kampuni ya dawa ya meno. Nataka mistari miwili: alama za mwendo wa tangazo zilinakiliwa kutoka kwenye faili la dada yangu, na saini yako chini. Basi.

Dada yako


30 Mei

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima.

Umeniandikia kama hakimu, nami nakujibu kama mshtakiwa aliyechoka kusimama. Ndiyo, nilinakili. Mteja alikuwa anakuja asubuhi kutazama, tyubu inatembea kama askari wa gwaride, bosi amesimama nyuma ya kiti changu anapumua. Nikafungua faili, nikachagua, nikabandika. Tyubu ikaanza kutembea. Chumba kizima kikapiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi maisha yangu yote, dada. Nyumbani makofi yote yalikuwa yako, tangu shule ya msingi.

Ila hilo neno "langu" unalolitumia nalikataa. Mguu wa nani? Wewe ulikaa nyuma ya kamera. Aliyetembea ni mimi. Mwendo ule nilijifunza nikiwa mtoto, nikimfuata baba kwa nyuma njia nzima mpaka kazini kwake. Mlinzi getini akaangua kicheko, baba akageuka akaniona. Alinichapa palepale, mbele ya mlinzi na makarani, kwa mkanda wa mkoba. Mwezi mzima hakunisemesha. Mama alikwambia nimeanguka kwenye ngazi. Kwa hiyo usinieleze nani aliutolea jasho. Mimi niliulipia kwa mgongo. Wewe ukauingiza kwenye kompyuta, ukaandika jina lako kubwa mwishoni, na mimi ukanitupa kwenye shukrani, chini ya jirani aliyetuazima taa. Ulidhani sikuona.

Kama nimechukua kwako, na wewe ulichukua kwangu, na sote wawili tumechukua kwa mtu ambaye asingempa ruhusa yeyote kati yetu.

Mistari miwili, unasema. Kijichumba hiki nilipewa kwa sababu ya tyubu. Bosi anajua mwendo ni wangu kwa kuwa nilimwambia ni wangu. Nikisaini karatasi yako, hata wale wachoraji hawatanipisha kwenye meza yao. Na hapa tupo katikati ya matangazo mengine mawili. Tyubu imeoa. Ina mke na mtoto, na wote wanachechemea.

Jambo hili tuliache.

Mdogo wako


9 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku salama.

La jirani wa taa ni kweli. Nimefungua filamu, nimelitoa jina lako pale chini. Sasa picha ya mwisho ikifutika linakuja lako kwanza, peke yake kwenye skrini, na neno moja: "Aliyetembea". Langu linafuata. Nimelitazama na limekaa vizuri, lilipaswa kuwa hapo siku zote.

La mkanda sikulijua. Mama nimemuuliza, akaendelea kukunja nguo.

Leo sina hasira, ndiyo maana nimekaa kuandika leo. Nakuomba. Unajua sijui kuomba, hata chumvi kwa jirani nilikuwa nakutuma wewe. Nina miaka arobaini na moja. Dukani wananiita Mama Kadi, na hawanitanii, wanadhani ndilo jina langu. Filamu hii ikikataliwa sitakaa tena miaka mitatu kutengeneza nyingine. Nitaacha, na hakuna atakayejua kwamba nimeacha, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nafanya.

Andika kwa maneno yoyote unayotaka. Sema ulidhani nimekuruhusu, nami nitasema nilikuruhusu. Bosi wako akiniuliza nitaapa. Nitakubebea uongo huo mpaka kaburini, na kijichumba chako utabaki nacho. Lakini andika kwamba mwendo ulianza kwangu.

Zimebaki wiki tatu.

Dada yako


28 Juni

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kaa kwanza, usisome umesimama.

Nimemaliza. Watu wa onyesho nimewaandikia, kwenye karatasi yenye nembo ya studio, saini yangu na ya bosi pembeni. Barua yako ya mwisho ilinitesa, sikufichi, nilitembea nayo mfukoni mpaka ikachanika mikunjo. Nikatafuta njia ambayo hakuna anayeumia, na nimeipata. Nimewaeleza kwamba mwendo wa tangazo na mwendo wa filamu yote miwili imetengenezwa na mtu mmoja, yaani mimi. Kwamba nilianza kuutengeneza nyumbani kwa ajili ya filamu ya familia, na baadaye nikautumia kazini. Nikawatumia na lile faili la zamani, tarehe wameiona. Kwa hiyo hakuna aliyemwibia mwenzake. Wewe umebaki na hadithi, michoro, rangi na sauti, ambavyo ni karibu kila kitu. Mimi nimechukua mwendo tu.

Wamenijibu kesho yake. Wamefurahi kuliko nilivyotegemea. Filamu imepita, dada. Itaonyeshwa tarehe tano Agosti, kwenye ukumbi mkubwa. Wameomba niseme machache jukwaani ikiisha, kwa kuwa watu wengi wanaijua tyubu na watapenda kusikia ilikotoka. Bosi naye anachekacheka, anasema ni sifa kwa studio.

Najua utakunja uso kwanza. Lakini ulitaka ionekane, itaonekana. Na mwenyewe uliniambia maneno yoyote ninayotaka.

Nimepata likizo ya wiki mbili. Nafika tarehe tatu. Mwambie mama asihangaike na chochote, nitalala popote. Nimemkumbuka sana, na wewe pia, hata ukinigombeza.

Mdogo wako


21 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima. Bomba limepona; tulimtafuta fundi mwingine, akalimaliza kabla chai haijapoa.

Barua yako niliisoma dukani, mteja amesimama mbele yangu anasubiri kadi zake. Nilimkabidhi kadi za mtu mwingine. Kisha nikawaomba watu wa onyesho nakala ya hiyo karatasi yenye nembo, wakanitumia. Ukurasa mzima. Nimo mara moja, "pamoja na mchoraji wa picha". Neno dada halimo. Nimelitafuta.

Nilitaka kuwaandikia kwamba umedanganya. Nikajiuliza nitathibitisha kwa nini. Kwa faili? Faili umewapa wewe. Nikaandika barua ya kuitoa filamu, mama akauliza naandika nini, nikamwambia nalalamikia bili ya maji. Sikuituma. Ningeituma ningekuwa nimekupa na hiyo pia.

Siku iliyofuata niliomba ruhusa dukani nikarudi nyumbani. Nikafungua filamu. Nikachagua alama zote za mwendo, za mguu, za bega, za shingo, za kichwa, kwenye matabaka yote, mwanzo wa mstari mpaka mwisho. Nikafuta. Baba akabaki amesimama katikati ya korido, mikono imening'inia, kama shati lililotundikwa mlangoni. Nikaenda bafuni nikanawa mikono. Niliporudi bado alikuwa amesimama vile.

Nimemchora upya. Sasa amekaa, kama kwenye picha zake zote. Amevua viatu, anapanga barua za kesho ghorofa kwa ghorofa, analamba dole gumba kabla ya kila bahasha, na akikuta ya ghorofa ya juu kabisa anaiweka chini ya nyingine ili asiione mapema. Mikono hukuwahi kumuiga, ulikuwa unatazama miguu. Mikono nimeitoa kwangu, ninayo yake ile ile, mpaka kucha. Dakika zote nne hainuki.

Filamu hiyo nimewatumia watu wa onyesho. Nikawaeleza kwamba humu hakuna mwendo wa mtu yeyote, wa tangazo wala wa familia, kwa hiyo mkuu wa mwendo hahusiki na asisumbuliwe kupanda jukwaani. Walishangaa. Waliniandikia kwamba, kwa maoni yao, ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi. Nami naona hivyo. Wataionyesha hii, kwa jina langu peke yangu.

Jana nimemwonyesha mama. Ametazama mpaka mwisho, mikono mapajani. Akaniuliza kwa nini simwinui. Nikamwambia baba amechoka, ametoka kazini. Akasema, "Aa, sawa." Akatazama saa, akavuta kiti chake kuelekea kwenye televisheni.

Mwendo nimekuachia. Ni wenu, wewe na tyubu na mke wa tyubu. Njoo umwone mama, anakungoja, ameshakufulia mashuka na kuyafua tena. Ukifika tarehe tatu hutanikuta. Nitaondoka tarehe mbili, nitakaa kwa rafiki yangu karibu na ukumbi mpaka likizo yako iishe. Ukumbini usije. Ufunguo uko kwa jirani, dawa za goti ziko juu ya friji, moja asubuhi na moja jioni akishakula.

Na jioni akivuta kiti, kaa naye wewe. Usikie anavyoita.

Dada yako